Marafiki wa Ayubu wapo Kibua

Mtu akirukwa na akili, majirani hawaanzi kwa kuuliza amepatwa na nini. Huanza kukumbuka alivyokuwa. Kila mmoja huleta lake. Mama yule alikuwa mkimya tangu usichana wake. Kijana huyu alikuwa na hasira za karibu toka shuleni, hata mwalimu alishasema. Mzee fulani alizoea kukaa nje peke yake usiku, akiwaza. Yakizungumzwa hayo kwa saa moja, ugonjwa unakuwa umekwisha kupewa asili: haukuja, ulikuwemo. Methali nayo iko tayari kufunga shauri, kwamba tabia haina dawa. Ni maelezo yanayomtuliza anayeyatoa, kwa kuwa yanamweka mbali na aliyepatwa. Ikiwa yule ameugua kwa sababu ya alivyo, basi mimi nisiye hivyo niko salama. Lakini maelezo hayohayo yanamfanya mgonjwa awe chanzo cha ugonjwa wake, na mtu akishaonwa hivyo hapelekwi kwa muuguzi; huvumiliwa, huombewa kwa kukemewa, au hufichwa nyumba ya nyuma. Nashikilia kwamba fikra hii ni potofu, ingawa ina ukweli fulani ndani yake, na ni ukweli huo unaoifanya idumu. Mahali pa kuipimia ni Kibua.

Kibua iko kwenye njia inayotoka vilima vya Masisi na kuingia msitu wa Walikale, katika Kivu Kaskazini. Jina lake liliingia katika kumbukumbu za dunia kwa ubaya: ripoti ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa juu ya mashambulizi ya tarehe 30 Julai hadi 2 Agosti 2010 inalitaja eneo lote kuwa ni njia ya Kibua hadi Mpofi. Katika siku hizo nne, wapiganaji wa Mai-Mai Cheka wakishirikiana na waasi wa FDLR na kikundi cha kanali mmoja mtoro waliingia vijiji 13. Wachunguzi walihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23 na wavulana 9. Wakati huo askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa na kambi palepale Kibua. Mwezi huohuo wa Agosti, jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliokuwa umefanywa mwezi Machi katika vijiji 67 vya Kivu mbili na Ituri. Kati ya watu wazima 998 walioulizwa, 41 katika kila 100 walikuwa na dalili za sonona, na 50 katika kila 100 walikuwa na dalili za kiwewe kisichoisha. Takwimu hizo zilikusanywa kabla ya mashambulizi yale ya Luvungi, kimoja cha vijiji hivyo 13, na vijiji jirani.

Hapo hoja ya majirani inakwama kwenye hesabu. Tukimwita mtu mwoga, tunamlinganisha na watu wa kijiji chake wasio waoga. Tabia haina maana nje ya ulinganisho huo. Haiwezekani nusu ya watu wazima wa eneo zima wawe wamezaliwa na moyo dhaifu, halafu bahati ikawakusanya palepale ambapo vita vilikuja. Inaweza kusemwa kwamba utafiti wa namna hiyo huorodhesha dalili tu, wala hakuna daktari aliyekaa na kila mtu, na kwamba orodha za dalili huzidisha hesabu. Ni kweli, huzidisha. Shirika la Afya Duniani, lilipopitia upya mwaka 2019 hesabu za nchi zenye mapigano, lilipata mtu mmoja katika kila watano, si mmoja katika kila wawili. Lakini hata mmoja kati ya watano ni wengi mno kuelezwa kwa hulka ya mtu mmojammoja. Watu wa kijiji kizima wakiugua kwa pamoja, sababu itafutwe katika kile kilichowafikia wote.

Mtetezi wa hoja ile bado hajaishiwa. Atauliza: walipitia usiku uleule, kijiji kilekile, mbona huyu analima na yule hainuki kitandani? Ni swali la haki, na wanasaikolojia wamelishughulikia sana. Mwaka 2010 Roman Kotov na wenzake walikusanya tafiti 175 zilizofanywa kati ya 1980 na 2007, wakalinganisha tabia kuu za watu na magonjwa ya sonona, wasiwasi na uraibu. Tabia moja ilijitokeza karibu kila walipogeuka: wepesi wa kuingiwa na hofu, huzuni na hasira, ule ambao tangu siku za mwanasaikolojia Hans Eysenck hupimwa kwa karatasi ya maswali. Wagonjwa walikuwa mbali sana na wazima katika kipimo hicho, na mara nyingi walipungukiwa pia na ile tabia ya kujipanga na kumaliza kazi iliyoanzwa. Huwezi kusema ni bahati nasibu. Tena hizi si tabia za ajabu. Kila ukoo unaye shangazi anayelia upesi na kaka asiyepata usingizi akiwa na deni, na wengi wao hufikia uzee wakiwa na akili zao timamu. Hapo ndipo ulipo ule ukweli wa majirani: kuna uhusiano kati ya alivyo mtu na atakavyougua.

Uhusiano, hata hivyo, hausemi kipi kilitangulia. Miaka sita baadaye kundi jingine, Kotov akiwemo, lilichambua tafiti 59 zilizowafuatilia watu kwa muda mrefu, zaidi ya watu 440,000 kwa jumla, ili kuona kama wepesi huo ukipimwa mapema unatabiri ugonjwa utakaokuja. Ulitabiri. Lakini walipoondoa hesabu ya dalili ambazo mtu alikuwa nazo tayari siku ya kupimwa, pamoja na maradhi yake ya nyuma, nguvu ya utabiri ilishuka karibu nusu. Yaani sehemu kubwa ya kilichoitwa tabia ilikuwa ugonjwa uliokwisha kuanza, au alama ya ugonjwa uliopita. Nusu iliyobaki naikubali. Nadhani anayeilewa vizuri zaidi ni mkulima wa Masisi, aliyeona vilima vyake baada ya mvua za wiki nzima. Anajua kwamba mteremko mkali huporomoka kabla ya mteremko wa wastani, lakini hasemi kwamba mteremko ulileta maporomoko katika mwaka usio na mvua. Na anajua pia kwamba mvua ikipita kiasi, hata shamba lililodhaniwa salama huondoka. Watafiti waliofanya kazi na wakimbizi Wanyarwanda katika makazi ya Nakivale, Uganda, waliliona jambo hilo kwa watu. Kadiri mtu alivyopitia aina nyingi zaidi za matukio ya kutisha, ndivyo uwezekano wa kiwewe ulivyopanda, na kwa waliopitia mengi kupita kiasi karibu kila mmoja aliathirika, hata wale ambao maumbile ya kurithi yaliwakinga kwenye mizigo midogo.

Karatasi zenyewe za maswali zinastahili kutazamwa kwa karibu, maana watu huziogopa kuliko zinavyostahili. Anayepima tabia huuliza: mara nyingi una wasiwasi? Wewe ni mtu wa kushtuka upesi? Moyo wako hubadilika bila sababu? Anayepima ugonjwa huuliza: katika wiki hizi umekuwa na wasiwasi? Unashtuka upesi? Unalala? Kinachozitenga karatasi mbili ni maneno machache ya wakati. Mtu aliyeanza kuogopa miaka saba iliyopita atazijibu zote kwa namna moja, na majibu yataonyesha kwamba ana tabia fulani na ugonjwa fulani, kana kwamba ushahidi mmoja umeuthibitisha mwingine, wakati ni jambo moja lililoulizwa mara mbili. Zaidi ya hapo, zile tabia kuu tano zinazofundishwa vyuoni zimetokana hasa na watu waliosoma, wa nchi tajiri. Michael Gurven na wenzake walipozitafuta miongoni mwa Watsimane, wakulima na wawindaji wa msitu wa Bolivia, katika utafiti uliotoka mwaka 2013, hazikupatikana zikiwa tano. Walizoziona zilikaribia kuwa mbili, utu kwa wenzako na bidii ya kazi. Mtu anayeishi kwa shamba na msitu wa Walikale ana mengi ya kufanana na hao kuliko na mwanafunzi wa chuo kikuu cha Ulaya.

Mfikirie basi mama wa Kibua mwenye shamba la mihogo upande wa pili wa msitu. Haendi peke yake. Husubiri wenzake watatu wanne wakusanyike. Hurudi jua likingali juu, hata kama palizi haijaisha. Mbwa wakibweka usiku anawaamsha watoto na kuwavalisha viatu. Mgeni akimsalimia njiani anajibu na kupita, hasimami. Kwenye karatasi ya maswali ameshajiandikia tahadhari iliyozidi, kukwepa mahali, kutoamini watu na usingizi mbovu. Lakini muulize sababu na atakupa, na sababu zake ni sahihi. Mwezi Machi 2025 wapiganaji wa M23 walifika hadi Walikale mjini, wakaondoka mwezi uliofuata, na hakuna aliyejua nani angefuata. Hofu ya mama huyu ni akili inayofanya kazi. Sasa mhamishe. Yuko Kampala kwa dada yake, nyumba ina mlango wa chuma, majirani ni watu wa amani, na mwaka wa pili bado huwavalisha watoto viatu kila usiku. Anajua hakuna anayekuja. Anasema mwenyewe kwamba hakuna anayekuja, na mikono inaendelea kufunga kamba za viatu. Kiasi cha hofu huenda hakijaongezeka hata kidogo, pengine kimepungua. Ila hofu hiyo haimsikilizi tena. Hapo ndipo ninapoweka mpaka. Tabia ni namna mtu anavyoyaitikia mambo, na inabaki tabia, hata ikiwa kali na ya kuchosha walio karibu naye, maadamu inayaitikia. Ikiacha kuyaitikia na kujiendea yenyewe, imekuwa ugonjwa, hata kama kwa macho ya watu ni hafifu. Kwa hiyo ugonjwa wa akili si tabia iliyozidi kipimo. Mtu anaweza kuwa na hofu nyingi akawa mzima, na mwingine akawa na hofu ndogo isiyomtii akawa mgonjwa.

Wanyanga wa Walikale walilifikiria jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck aliandika utenzi wa Mwindo kutoka kinywani mwa Shekarisi Rureke, na mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene wakauchapisha. Mwindo huzaliwa akiwa anatembea na kusema, na hujisifu bila kuchoka. Baba yake, Shemwindo, aliyekuwa ametangaza kwamba anataka mabinti tu, anajaribu kumwua, hata kumfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto mwenye haya asingetoka humo. Majivuno ndiyo yaliyomfikisha kwa shangazi yake Iyangura na kumrudisha kudai haki yake. Baadaye, akiwa mkuu, anaua joka aliye rafiki wa Nkuba, bwana wa radi, na Nkuba anampandisha juu angani, anakokaa mwaka mzima akipigwa na baridi, mvua na jua, hana wa kumtegemea. Anarudi mtulivu, anawapa watu wake amri za kuishi pamoja. Utenzi si ushahidi wa hospitali, lakini angalia unavyoipanga hoja. Majivuno ya mwanzo na ya mwisho ni yaleyale. Mwanzoni yalijibu hatari iliyokuwepo, mwishoni hayakujibu kitu. Na msimulizi hamwiti Mwindo mgonjwa wala aliyelaaniwa, kwa sababu Mwindo alipoteswa alisikia, akabadilika. Tabia inayoweza kusikia bado ni mali ya mwenyewe.

Daktari wa akili anaweza kunikatiza hapa. Atasema kwamba Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeyafuta karibu makundi yote ya zamani ya kasoro za haiba, na mahali pake limeweka ngazi za ukali na tabia tano za kueleza mgonjwa alivyo: hisia nzito za hofu na huzuni, kujitenga, kutojali wengine, kutojizuia, na ung'ang'anizi wa utaratibu. Si kukiri kwamba ugonjwa ni tabia iliyopandishwa ngazi? Nimelitazama pingamizi hili kuliko mengine yote, na naona linakwenda upande wangu. Katika toleo hilo tabia hazitoshi kumfanya mtu awe mgonjwa. Swali la kwanza ni kama mtu ameshindwa kujiendesha na kuishi na wenzake, na kama kushindwa huko kumedumu, kwa kawaida miaka miwili au zaidi. Hilo likithibitika ndipo tabia hutajwa, kueleza sura ya ugonjwa, na hata kuzitaja si lazima. Kuna sharti jingine ambalo kila mhudumu wa afya wa Kivu angepaswa kulijua: kasoro ya haiba haithibitishwi ikiwa mwenendo wa mtu unaelezwa hasa na hali ya jamii yake, migogoro ya kisiasa ikiwemo. Walioandika orodha hiyo hawakuwa wakiifikiria Kibua, na bado mama yule na viatu vya watoto wake wamelindwa na sharti hilo.

Ushahidi mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, umetoka Kivu kwenyewe. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini na wanawake waliokuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Katika vijiji saba walipewa tiba ya mazungumzo yenye utaratibu maalumu: kikao kimoja cha mtu peke yake, kisha vikao 11 vya kikundi. Katika vijiji vinane walipata msaada wa kawaida, mtu wa kuwasikiliza na kuwatia moyo kila walipomhitaji. Kabla ya tiba, 71 katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa na dalili za kutosha kuhesabiwa wana sonona au wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa. Miezi sita baada ya tiba walibaki 9. Katika kundi la msaada wa kawaida, 83 walishuka hadi 42, jambo ambalo pia si dogo. Sasa anayesema wanawake hawa waliugua kwa sababu ya walivyo ana njia mbili za kutokea, na zote zimefungwa. Akisema tabia haibadiliki, aeleze kilichopona ni nini katika vikao 12. Akisema basi tabia zao ndizo zilizobadilika, nitamkubalia kwa furaha, maana Brent Roberts na wenzake mwaka 2017, kwa kupitia tafiti 207, walionyesha kwamba tiba husogeza hata tabia, hasa ule wepesi wa hofu na huzuni. Lakini hapo methali yake imekwisha kazi. Tabia ina dawa, na kumlaumu mgonjwa kwa kukosa dawa ambayo hajapewa ni dhuluma.

Haya nimeyasema juu ya sonona, wasiwasi na kiwewe. Kwa skizofrenia hoja ya tabia ni dhaifu zaidi, maana upole au ukali wa utotoni haumletei mtu sauti zisizo na msemaji. Kifafa, ambacho vijijini huwekwa kapu moja na wazimu, hakihusiki na tabia kwa lolote. Kina vidonge vyake, vya bei nafuu, na watoto wanaendelea kuanguka motoni wakati watu wazima wanajadili nani katika ukoo alikuwa na roho mbaya.

Limebaki swali la imani, na katika nchi ambayo kila kilima kina kanisa haliwezi kuachwa. Kitabu cha Ayubu ni hoja ndefu dhidi ya majirani niliowaeleza. Elifazi, Bildadi na Sofari walianza vyema: waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu. Walipotea walipofungua vinywa, wakaanza kumtafutia ndani ya mwenendo wake sababu ya yaliyompata. Mwisho wa kitabu wanaokemewa ni wao, na Ayubu ndiye anayetakiwa kuwaombea. Katika Injili ya Yohana wanafunzi wanauliza kipofu yule alizaliwa hivyo kwa dhambi ya nani, na swali lao linakataliwa kabla ya macho kufunguliwa. Mkristo anayemwambia mgonjwa wa akili kwamba amejitakia kwa udhaifu wa imani amechagua upande wa marafiki, na maandiko aliyoyashika mkononi yamekwisha kuutolea hukumu upande huo.

Lipo pingamizi la kidini lenye uzito zaidi. Dini inahubiri toba, na toba humtaka mtu aikabili tabia yake; ukimwambia ni ugonjwa, si umemnyang'anya uwezo wa kugeuka? Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikutana na fikra inayokaribiana na hiyo kutoka upande wa pili, ya watu waliodai kwamba tabia haigeuki kama umbo lisivyogeuka, na akawajibu kwamba ingekuwa hivyo mawaidha yote yangekuwa bure. Lakini aliongeza jambo ambalo wahubiri wengi hulisahau: hasira na matamanio haziwezi kung'olewa, na hazikusudiwi kung'olewa; zinafunzwa kufuata akili. Karne moja na zaidi kabla yake, mwanazuoni mwingine, Abu Zayd al-Balkhi, alikuwa ametenga huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyo na sababu inayojulikana, akaihusisha hii ya pili na mwili na kuitafutia tiba yake. Wawili hawa wakisomwa pamoja wanatoa jibu. Toba ni ya mtu ambaye hasira yake bado inaweza kusikia. Aliye na huzuni isiyosikia hahitaji kuambiwa atubu huzuni. Anahitaji kwanza kusaidiwa isikie. Sisemi kanisa halina kazi. Vikao vile vya Kivu vilikuwa vya wanawake kukaa pamoja na kusema kweli, na hakuna taasisi kijijini iliyozoea kuwakusanya watu kuliko kanisa.

Wengine wataogopa kwamba mlango huu ukifunguliwa watapita na wauaji. Ikiwa vita huvunja akili za watu, kwa nini aliyeviacha vijiji vikiwa majivu asiseme naye vita vilimvunja? Ntabo Ntaberi Sheka, mkuu wa Mai-Mai Cheka, kundi lililotajwa katika mashambulizi ya Luvungi, alijisalimisha Julai 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu kifungo cha maisha. Kipimo nilichokiweka hakimwondolei chochote. Mashambulizi ya vijiji 13 kwa siku nne hupangwa: watu hugawanywa, njia hufungwa, washirika hutafutwa. Anayepanga anayaitikia mambo, tena kwa uangalifu mkubwa. Sababu zote za kuacha zilikuwepo na aliweza kuzisikia. Kipimo kilekile kinachomtoa lawamani mama wa viatu ndicho kinachomweka lawamani kamanda, na naona hiyo ni dalili kwamba hakikutungwa kwa ajili ya kuhurumia tu. Ugumu wa kweli uko kwa mtoto aliyetekwa akiwa na miaka kumi na kufundishwa kufurahia damu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz waliozungumza na wapiganaji wa zamani mashariki mwa Kongo wamekutana na vijana wanaokiri kwamba ukatili uligeuka kuwa raha. Hiyo ni tabia iliyotengenezwa, na aliyeitengeneza anajulikana. Kwa kijana huyo sioni hukumu nyepesi. Naona tu kwamba lawama igawanywe, na sehemu kubwa imwendee aliyemteka.

Kwa hiyo wazee, wachungaji na wauguzi wa njia ya Masisi hadi Walikale, mtu akiletwa kwenu, liacheni swali la alikuwa mtu wa namna gani. Ulizeni lilianza lini, anashindwa nini leo ambacho mwaka jana alikiweza, na kama akiwa mahali salama hofu humtoka au humfuata. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu cha watawa wa Frères de la Charité, lakini Goma ni mbali, na njia haifunguki kila siku. Wasaidizi walioendesha vikao vile vya Kivu hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa hukuhuku wenye angalau miaka minne ya masomo baada ya shule ya msingi, waliofundishwa kwa wiki mbili na kusimamiwa baada ya hapo. Wanawake wenye elimu hiyo wapo Kibua leo. Wafundishwe.